Kuchagua Bima ya Gari la Kambi kwa Safari za Milimani

Gari la kambi ni gari lolote lililotengenezwa au kugeuzwa ili msafiri alitumie kwa safari na pia alale humo, liwe ni basi dogo lenye kitanda na jiko ndani, au, kama ilivyozoeleka zaidi Afrika Mashariki, Land Cruiser au Land Rover iliyofungwa hema juu ya paa, friji ndogo, betri ya pili na tangi la maji. Bima ya gari la namna hiyo haiwezi kuchaguliwa kama ile ya gari la kwenda kazini na kurudi, kwa kuwa gari lenyewe limebeba mali ambayo kadi ya gari haiitaji, na njia zake zina hatari ambazo hati ya kawaida ya bima huzigusa kwa sentensi moja au haizigusi kabisa. Mwenye gari anayeanza kwa kuuliza bei huishia kununua karatasi ya kumwonyesha askari wa usalama barabarani. Anayeanza kwa kuifikiria njia atakayopita, kona kwa kona na mto kwa mto, ndiye anayejua ni hasara gani atakayoiachia kampuni ya bima na ni ipi atakayobaki nayo mwenyewe.

Njia husomwa kabla ya hati

Milima ya Tanzania na Kenya haina hatari ya namna moja, na kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuandika orodha ya barabara zitakazopitwa pamoja na miezi ya safari. Barabara ya Mombo hadi Lushoto, katika Usambara Magharibi, ina lami, lakini hupanda zaidi ya kilomita 30 ikiwa imebanwa kati ya mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na mvua ikinyesha mawe na udongo hushuka hadi barabarani. Mlima Kitonga, katika barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, una kona kali ambazo gari dogo hulazimika kuzishiriki na malori yenye shehena nzito, na anayetoka Iringa huzikuta zote katika mteremko. Njia ya kutoka Chimala kwenda Matamba, ambayo huwafikisha wasafiri kwenye maua ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, inajulikana kwa kona zake 57. Upande wa Kenya, barabara ya kale inayoteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu imejaa malori, na ukungu huishukia asubuhi na jioni.

Majira nayo hubadilisha hatari. Kaskazini mwa Tanzania na sehemu kubwa ya Kenya hupata masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, ilhali nyanda za juu kusini, yaani Iringa, Njombe na Mbeya, zina msimu mmoja mrefu unaoanza takriban Novemba na kwisha Aprili au Mei. Maporomoko ya tope yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023, na mafuriko yaliyopiga eneo la Mai Mahiu tarehe 29 Aprili 2024, yalitokea ndani ya miezi hiyo ya mvua, na yote mawili yalionyesha kwamba gari lililoegeshwa mahali panapodhaniwa kuwa salama linaweza kuzolewa bila dereva kutenda kosa lolote. Msafiri wa gari la kambi, ambaye hulala pale alipoegesha, ana sababu ya kulitafakari jambo hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Bima ndogo na bima kubwa

Sheria ya Bima ya Magari ya Tanzania, Sura ya 169, na Sheria ya Kenya, Sura ya 405, zote zinamlazimu mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu, ambayo mitaani huitwa bima ndogo. Mtu wa tatu ni yeyote aliye nje ya mkataba kati ya mwenye gari na kampuni ya bima, kama vile mwenda kwa miguu aliyegongwa au mwenye gari jingine. Bima hiyo hulipa madhara aliyoyapata mtu huyo, na haitoi hata shilingi moja kwa ajili ya gari lililosababisha ajali. Nchini Kenya sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 za Kenya kwa kila mtu aliyeumia au kufa, na kiasi kinachozidi hapo kinaweza kumwangukia mwenye gari mwenyewe.

Bima kubwa hukusanya kinga ya mtu wa tatu pamoja na kinga ya gari lenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi. Kati ya hizo mbili ipo ya katikati, inayomlinda mtu wa tatu na kuongeza moto na wizi peke yake. Kwa safari za milimani hiyo ya katikati ina kasoro iliyo wazi, kwa maana hatari kubwa ya milimani ni kuacha barabara, kupinduka au kugonga mwamba, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo moto au wizi. Kwa hiyo mwenye gari la kambi ambaye hana uwezo wa kununua gari jingine kwa fedha zake hana budi kukata bima kubwa.

Hata hivyo, jina la bima kubwa lisimdanganye mtu akadhani kila kitu kimo. Katika hati nyingi mafuriko, maporomoko ya ardhi na tetemeko huingizwa kwa nyongeza, yaani kifungu cha ziada kinachoandikwa na kusainiwa pembeni ya mkataba wa msingi, wakati mwingine kwa ada ya ziada. Swali la kuulizwa ofisini ni hili: jiwe likianguka kutoka juu na kulipiga gari lililosimama, au udongo ukiporomoka na kulifunika likiwa kambini, ni kifungu gani kinacholipa? Jibu la kuridhisha ni namba ya kifungu ambacho mwenye gari anaweza kukisoma mwenyewe, kwa sababu neno la mdomo halitakuwepo siku ya dai.

Thamani ya gari na ya vilivyofungwa juu yake

Thamani inayoandikwa kwenye hati ndiyo mpaka wa juu wa fidia, na pia ndiyo msingi wa kukokotoa ada ya bima, yaani fedha anazolipa mwenye gari ili apewe kinga. Kishawishi cha kuishusha ili ada ipungue ni kikubwa, na mtego wake huitwa kanuni ya wastani. Kwa kanuni hiyo, ambayo imo katika baadhi ya hati, kampuni hulipa sehemu ya hasara inayolingana na sehemu ya thamani iliyokatiwa bima.

Mfano wa kukokotoa utaliweka jambo hili wazi. Gari pamoja na hema, friji, betri ya pili na rafu za chuma lina thamani ya shilingi milioni 60 za Tanzania, lakini limekatiwa bima ya milioni 45, kwa kuwa mwenyewe alitaja gari tupu. Sehemu iliyokingwa ni robo tatu, na hasara ikiwa milioni 20, kampuni inayofuata kanuni ya wastani itakokotoa milioni 15 na kumwachia mwenye gari milioni 5. Ikiwa ada ni asilimia 4 ya thamani, kuitaja ile milioni 15 iliyofichwa kungemgharimu shilingi 600,000 kwa mwaka, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ingefikisha jumla kuwa 708,000. Kutaja thamani kupita kiasi nako hakuna faida, kwa kuwa fidia haizidi bei ya soko ya gari siku ya hasara.

Kwa hiyo kila kifaa kilichofungwa kiorodheshwe kwa jina, bei na risiti, na orodha hiyo iambatanishwe na hati. Kioo cha mbele na redio kwa kawaida huwa na vikomo vyake, na katika barabara za changarawe, ambako kijiwe kinachorushwa na tairi la gari lililotangulia hutosha kupasua kioo, kikomo hicho kilinganishwe na bei halisi dukani. Vitu visivyofungwa kwenye gari, kama magodoro, vyombo, kamera na kompyuta, huwa nje ya bima ya gari mpaka viombewe kinga yake.

Mabadiliko yenyewe pia hayana budi kutangazwa. Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu, yaani wajibu wa mwombaji kutaja kila jambo linaloweza kubadilisha uamuzi wa kampuni. Hema na mizigo juu ya paa huinua kitovu cha uzito wa gari na kulifanya liwe jepesi kupinduka kwenye kona, springi zilizoinuliwa hubadilisha mwendo wake, na mtungi wa gesi huongeza hatari ya moto. Kampuni iliyokagua gari likiwa na mabadiliko hayo na kuyaandika haiwezi baadaye kudai kwamba ilifichwa.

Breki, tairi na maji: mpaka wa ajali na uchakavu

Hakuna mahali ambapo kampuni ya bima na mwenye gari hugombana kama penye mpaka kati ya ajali na uchakavu, na milima huufikia mpaka huo kila siku. Bima hulipa tukio la ghafla lisilotarajiwa, lakini hailipi kuchakaa kwa kifaa wala ubovu wa mitambo. Mteremko mrefu ndio unaoonyesha tofauti hiyo kwa uwazi zaidi. Dereva anayeshuka Kitonga akiwa gia ya juu, au mbaya zaidi akiwa ametia frii ili kuokoa mafuta, huzifanya breki zibebe peke yake uzito wote wa gari. Baada ya kona chache harufu ya kuungua hupenya ndani, moshi huanza kutoka kwenye magurudumu, na pedali inakuwa laini na kuzama hadi sakafuni. Akifanikiwa kusimama, pedi na diski zilizoungua ni gharama yake, kwa sababu hicho ni kifaa kilichoharibika bila ajali. Gari likigonga mwamba, uharibifu uliotokana na kugonga ndio unaoingia katika kinga, lakini mtathmini wa hasara, yaani mtaalamu anayetumwa na kampuni kuchunguza chanzo na kiasi cha hasara, ataziangalia breki hizo kabla ya kitu kingine chochote. Akikuta pedi zilikuwa zimekwisha tangu kabla ya safari, kampuni inaweza kudai kwamba gari halikustahili kuwa barabarani na kulikataa dai zima.

Kinga ya kweli hapo ni ushahidi uliotangulia. Ukaguzi wa gereji uliofanywa wiki moja kabla ya safari, ukiwa na tarehe, namba ya gari, hali ya pedi, mafuta ya breki, usukani na kina cha kashata za tairi, huwa na uzito mkubwa mbele ya mtathmini, nao hugharimu kidogo kuliko ekses, yaani kiasi cha mwanzo cha hasara anachobeba mwenye gari kabla kampuni haijalipa chochote. Tairi lililopasuliwa na jiwe bila gari lenyewe kuharibika kwa kawaida halilipwi, na tairi kipara linaweza kuharibu hata dai la ajali halisi.

Maji nayo yana mpaka wake. Gari lililozolewa na mafuriko likiwa limeegeshwa ni jambo moja, na gari ambalo dereva ameliingiza katika mto uliojaa, injini ikavuta maji na kuvunjika ndani, ni jambo jingine ambalo kampuni nyingi hulihesabu kuwa ubovu wa mitambo au uzembe. Mwenye gari aulize pia kama kinga inaendelea nje ya barabara zinazotambuliwa, kwa maana baadhi ya hati huondoa njia zisizo rasmi, na makambi mengi mazuri ya milimani yamo mwishoni mwa njia za namna hiyo. Hifadhi zenyewe zina masharti yake: gari linaloteremka ndani ya Kreta ya Ngorongoro, kwa mfano, ni lazima liwe la kuendeshwa kwa magurudumu manne.

Gharama ya kulitoa gari korongoni

Kifungu cha uokoaji wa gari husomwa na wachache, ingawa milimani ndicho hutumika mapema kuliko vyote. Gari lililoanguka mita 40 chini ya barabara haliwezi kuvutwa kwa kamba na lori linalopita. Huhitaji breikdauni yenye wenchi, mafundi wa kufunga minyororo, ulinzi wa usiku ili vifaa visiibwe, na safari ndefu hadi gereji inayotambuliwa na kampuni, na kikomo kilichowekwa kwa kuwazia ajali ya mjini hukauka kabla gari halijafika juu. Kabla ya kusaini, msafiri apate makadirio kutoka kwa wenye breikdauni wa miji iliyo chini ya milima husika, kama Mombo, Iringa au Mbeya, kisha aombe kikomo kipandishwe hadi kiasi hicho. Asiache kuuliza pia kama lazima apate kibali cha kampuni kabla ya kuita breikdauni, na afanye nini mahali ambapo simu haina mtandao.

Matumizi ya gari na dereva wake

Hati hutaja matumizi ambayo kinga imetolewa kwa ajili yake. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi halina kinga likikodishwa, hata kama aliyelikodi ni rafiki na malipo yenyewe ni madogo. Msafiri anayekodi gari la kambi aombe kuona hati yenyewe, kwa sababu stika ya bima peke yake haionyeshi kama ukodishaji unaruhusiwa kwa mtu anayejiendesha, wala haionyeshi ekses atakayodaiwa. Ekses hiyo mara nyingi huongezeka ikiwa dereva ni kijana au leseni yake ina muda mfupi. Iwapo wasafiri watapokezana usukani, kila mmoja awe na leseni hai ya daraja linalofaa.

Kuvuka mpaka

Safari ya milimani huvuka mipaka kwa urahisi, kutoka Kilimanjaro kwenda Mlima Kenya, au kutoka Mbeya kwenda nyanda za Malawi. Kadi ya njano ya COMESA, jumuiya ya Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mpango ulioanza kutumika 1987 na ambao Tanzania inaushiriki ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo, humwezesha mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu inayotambuliwa katika nchi shiriki bila kununua nyingine mpakani. Wengi hudhani kwamba kadi hiyo hubeba bima kubwa yao yote. Haifanyi hivyo: hushughulikia madhara ya watu wengine kwa mujibu wa sheria ya nchi inayotembelewa, na hailipi matengenezo ya gari la msafiri. Kwa hilo inahitajika nyongeza ya mipaka ya kijiografia, ambayo hutaja nchi na tarehe. Msumbiji haimo katika mpango huo, na anayekwenda huko atafute kinga nyingine.

Watu walio ndani

Gari hurekebishika, lakini aliyeumia katika barabara iliyo saa kadhaa kutoka hospitali kubwa anahitaji msaada wa namna nyingine kabisa. Dereva aliyesababisha ajali si mtu wa tatu katika bima yake mwenyewe, na hivyo hulipiwa tiba tu ikiwa hati ina kinga ya ajali kwa dereva na abiria au ana bima yake ya afya. Vikomo vya kinga hiyo katika hati za magari mara nyingi ni vidogo. Uhamishaji wa wagonjwa kwa ndege, ambao AMREF Flying Doctors ya Nairobi huutoa pia kwa wanachama wanaolipa ada, ni huduma tofauti na bima ya gari, na inafaa kuwekwa kwenye bajeti ya safari pamoja na mafuta na chakula.

Kulinganisha, kuhakiki na kudai

Baada ya hayo yote ndipo bei inapopewa nafasi yake. Kampuni mbili au tatu ziulizwe maswali yaleyale kwa maandishi: thamani iliyokubaliwa pamoja na vifaa, ekses kwa kila aina ya hasara, kikomo cha uokoaji, hali ya mafuriko na maporomoko, njia zisizo rasmi, na nchi zilizomo. Ada ndogo yenye ekses kubwa inaweza kumfaa mwenye akiba, na ikamwangamiza asiye nayo. Nchini Tanzania stika ya kielektroniki huhakikiwa katika mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na uhakiki huo ufanyike siku ileile ya kulipa, kwa kuwa stika ya bandia hugunduliwa mara nyingi baada ya ajali kutokea.

Ajali ikitokea, watu hutangulia, na majeruhi nchini Tanzania huhitaji fomu ya PF3 kutoka polisi kwa ajili ya matibabu na ushahidi. Picha zipigwe kabla gari halijasogezwa, zikionyesha alama za tairi, kona, mawe na hali ya barabara, kwa kuwa mvua moja ya usiku huweza kuzifuta zote. Taarifa ya polisi, ambayo Kenya huitwa abstrakti, ichukuliwe, na kampuni iarifiwe ndani ya muda uliotajwa kwenye hati. Dereva asikiri kosa wala asiahidi malipo kwa mtu yeyote, kwa sababu ahadi hiyo inaweza kuifunga mikono kampuni na kuipa sababu ya kujitoa. Dai likikataliwa isivyo haki, Tanzania ina Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na Kenya ina Mamlaka ya Udhibiti wa Bima inayopokea malalamiko.

Jioni ya mwisho kabla ya kuondoka, mwenye gari aifungue ramani na hati mezani, azilinganishe kituo kwa kituo, na mbele ya kila mteremko, kila mto na kila kambi aandike namba ya kifungu kitakachomlipa. Pale atakapokosa namba ya kuandika, ana njia tatu za busara: kuomba nyongeza, kutenga akiba ya fedha zake, au kupita njia nyingine.